Nani Ataukata Mugumo?

Novemba 2020, mugumo mmoja uliosimama kando ya barabara ya Waiyaki, pale Westlands, ulitolewa amri ya rais. Barabara ya juu, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo, ilikuwa inajengwa, na mti ule ulikuwa umepangiwa kung'olewa. Watetezi wa mazingira wakapiga kelele, magazeti yakachapa picha, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza uachwe, uwe chini ya ulinzi wa NMS, idara iliyokuwa ikiendesha jiji wakati huo. Habari hiyo ilinikuta ndani ya matatu ya Ruiru, abiria wote tumevaa barakoa. Kijana mmoja akasema nchi ina korona na njaa, rais anahangaikia mti. Mama aliyeketi mbele yake akageuka, akamuuliza kama yeye yuko tayari kwenda kuukata.

"Mimi? Kwani mimi ni mwendawazimu?"

Gari zima likacheka. Nilicheka pia, ila safari yote iliyobaki nilikuwa nawaza mambo ya zamani, maana jibu kama lile nilikuwa nimelisikia utotoni kwa Kikuyu, na ukubwani nikalisikia tena kwa Kiingereza cha Ireland, nikiwa mbali sana na mugumo wowote.

Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru. Mama alikuwa mchumaji, baba alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kumenya kahawa, na shosho, mama yake mama, aliishi nasi chumba cha pili. Katikati ya mistari ya kahawa ulisimama mugumo. Mzungu aliyelima shamba lile enzi za ukoloni alikuwa ameng'oa kila mti mwingine, huu akauacha, na mistari miwili ya kahawa ilipinda kuupisha kisha ikanyooka tena. Anayeujua mugumo anajua hauna shina la kawaida. Huanza maisha juu ya mti mwingine, mahali ndege alipoacha mbegu, halafu huteremsha mizizi taratibu hadi ardhini, ikamkaba mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza ndani. Shina unaloliona ni mizizi iliyoshikana. Sisi watoto tuliweza kuingiza mkono mzima kati ya mzizi na mzizi, na ukiukwaruza kwa ukucha ulitoa utomvu mweupe ulionata kwenye vidole hadi jioni.

Saa sita wachumaji walikuja kula kivulini pale, madebe yao wameyapanga kando, kila mmoja na mkebe wake wa githeri. Walilala, waliteta, walinyonyesha. Lakini hakuna aliyeondoka na kuni. Hata tawi kavu lililoanguka lenyewe liliachwa lioze, na hao ni wanawake waliokuwa wakitembea hadi mtoni kutafuta vijiti. Nilipomwuliza shosho sababu, alinijibu kwamba ule ni mti wa Ngai, akaendelea kuchambua maharagwe. Hadithi ndefu alizihifadhia marimu, yale majitu ya usiku yalayo watu, na vitendawili vya gwata ndai. Kuhusu mugumo alitoa katazo tu.

Habari zilizobaki tulipeana wenyewe. Kila mtoto wa Kiambu wa kizazi changu anaijua hii: ukiuzunguka mugumo mara saba, msichana anageuka mvulana na mvulana anageuka msichana. Kijana mmoja pale kambini, mtumishi wa altare, mwenye kutucheka sisi tulioamini mambo ya kishenzi, aliamua kutuonyesha. Akaanza kuzunguka huku sisi tukihesabu kwa sauti. Mzunguko wa kwanza hadi wa tano alikuwa akikimbia. Wa sita alitembea. Baada ya hapo akasimama, akasema amesikia mama yake akimwita, akaenda zake. Hakuna mama aliyekuwa akiita.

Kwa muda mrefu nilimwona mwoga tu. Siku hizi namwona alikuwa amefanya hesabu ambayo watu wengi hufanya bila kuisema. Kuuacha mzunguko wa saba hakukumgharimu chochote, na kuumaliza kungemthibitishia tu jambo alilokwisha kulijua, tena mbele ya mashahidi, kukiwa na ile nafasi ndogo ya kwamba sisi ndio tulio sahihi. Ukiangalia vizuri, katazo la shosho halikuhitaji kuaminiwa na mtu yeyote pale kambini. Lilihitaji tu kila mmoja asitake kuwa wa kwanza kulivunja.

Sekondari nilisoma Thika, shule ya wasichana iliyokuwa na masista. Waairishi walikuwa wamejaa katika elimu ya Kikatoliki ya Kenya. Masista wa Loreto walifika kutoka kwao mwaka 1921, mapadre wa Roho Mtakatifu walitawanyika Nairobi na Kiambu yote, na askofu mkuu wa Nairobi hadi mwaka 1971, John Joseph McCarthy, alikuwa Mwairishi. Kwetu sisi wote hao walikuwa wazungu, basi. Kwamba mzungu anaweza kuwa na nchi iliyotawaliwa na Mwingereza halikuwa wazo lililotuingia kichwani.

Lilituingia kwa sababu ya diski. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa: kipande cha mbao chenye tundu na uzi, anayenaswa akiongea lugha ya mama anakivaa shingoni, naye anamtega mwingine ili amvishe, na Ijumaa wote waliokipitisha wanaadhibiwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya aibu hiyo kutokana na utoto wake Limuru, na miongo baadaye bado tulikuwa nayo. Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza, sista mzee aliyekaribia kustaafu, aliingia darasani akamkuta msichana wa mstari wa mbele amekivaa. Akakiomba. Akakigeuzageuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake kana kwamba anatafuta kitu.

"Hiki hakina alama," alisema.

Ndipo akatuambia kwamba huko magharibi ya Ireland, katika karne ya 19, watoto walivishwa kijiti shingoni, na kila walipotamka neno la Kiairishi kijiti kilitiwa pengo kwa kisu. Jioni mapengo yalihesabiwa, na fimbo zikawa sawa na mapengo. Bibi yake aliyajua hayo kwa shingo yake mwenyewe. Matokeo yake, alisema, yeye Kiairishi alijifunzia vitabuni, kama sisi tunavyojifunza Kifaransa. Akaitia diski kwenye droo ya meza yake, akaifunga kwa ufunguo. Wiki iliyofuata tulikuwa na diski mpya, kwa maana shule haikuwa yake peke yake, lakini katika vipindi vyake haikuonekana tena.

Likizo ya Agosti alitupa kazi ya ajabu. Kila mmoja aende akamwulize mzee wa nyumbani kwao juu ya mti, chemchemi au jiwe lolote lenye habari yake, aandike maneno ya mzee huyo kwa lugha aliyoyasema, kisha ayafasiri. Alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo akiwa mtoto. Mwaka 1935 serikali ya Ireland iliunda tume ya kukusanya hadithi na mila za watu wake, na kati ya 1937 na 1939 tume hiyo ikawatuma wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi kwa wazee wao. Watoto wapatao 50,000, katika shule kama 5,000, waliandika walichoambiwa: dawa za kienyeji, majina ya mashamba, mizimu, njaa kubwa, namna ya kutengeneza siagi. Sista aliandika juu ya mti wa miiba uliosimama peke yake katikati ya shamba la baba yake. Hawthorn, huchanua maua meupe mwezi Mei. Baba alilima akiuzunguka, miaka yote, akipoteza kipande kizuri cha ardhi, kwa sababu mti wa namna hiyo ni mali ya wale watu wadogo wasioonekana, na anayeukata atajuta.

Hapo nilikumbuka mistari miwili ya kahawa.

Naona ni muhimu kutaja kwamba katika miaka ile ile, mwanafunzi mmoja Mgikuyu alikuwa London akisoma kwa Bronisław Malinowski na kuandika habari za miti mitakatifu ya kwao, za mzee anayesali chini ya mugumo ameelekea Kirinyaga. Kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilitoka mwaka 1938. Ireland ilikuwa na dola iliyoweza kuwatuma watoto nusu laki na madaftari. Sisi tulikuwa na mtu mmoja ughaibuni, na aliporudi na hatimaye akapata dola, haikumwagiza mtoto yeyote akamwulize shosho.

Muhula wa tatu sista alitupeleka Mugumo Gardens. Thika ina sifa ya viwanda, mananasi na maporomoko ya Chania, lakini kwa wazee wetu ilikuwa na mti. Mugo wa Kibiro, yule mtabiri aliyetangulia kusema juu ya wageni wenye ngozi ya chura na nyoka wa chuma atakayevuka nchi, anasimuliwa pia kuwa alisema utawala wa wageni hao utakwisha siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Wakoloni walisikia. Inasimuliwa kwamba waliuzungushia pete ya chuma na kuuimarisha ili usianguke. Mwaka 1963 radi ikaupiga, ukaanguka, na Desemba tukapata Uhuru.

Mlinzi wa bustani alitusimulia hayo kwa furaha, sisi tukapiga makofi. Sista hakupiga. Alisubiri tutulie, halafu akauliza: "Wale waliofunga chuma, waliamini?"

Tulijibu kwa pamoja kwamba hapana, hao walikuwa wazungu, waliwahofia tu Wagikuyu walioamini. Akauliza tena: na yule fundi aliyetumwa kukaza zile nati, unadhani alizikaza kwa ulegevu? Hakutusaidia kujibu. Ndiyo sababu nakumbuka swali hilo vizuri kuliko mashairi yote aliyotufundisha.

Nilisomea uuguzi. Kahawa nayo ilikuwa inakufa: mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika, na hata Ruiru 11, ile aina iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha kwetu, isiyoshindwa na chulebuni wala kutu ya majani, haikuweza kuwakinga wakulima na soko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilipata kazi Ireland, katika makao ya wazee karibu na mji wa Ennis, jimbo la Clare. Nilikwenda kwa ajili ya mshahara. Habari za sista nilikuwa nimezisahau.

Zilinirudia kwenye basi la Limerick. Mahali paitwapo Latoon, karibu na Newmarket-on-Fergus, barabara kuu ilikuwa imetengenezwa upya, na kando yake, ndani ya uzio, palikuwa na kichaka cha miiba kisicho na uzuri wowote. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenieleza. Mwaka 1999, wahandisi walipotaka kupitisha barabara pale, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alipinga hadharani. Alisema kichaka kile ni kituo cha mapepo ya Munster, wale watu wadogo wa sista, wanapokwenda kupigana na wale wa Connacht, na kwamba wakikiondoa, barabara itamwaga damu. Magazeti ya ng'ambo yalicheka. Kichaka kikabaki, mpango ukarekebishwa. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana akaja usiku na msumeno wa injini akakata matawi yake yote. Kikachipua tena.

Nilimwuliza yule mwenzangu kama anaamini. Alikuwa na digrii mbili na hakwenda hata kanisani. Akasema hapana, hakika haamini, ila hangependa kuwa ndani ya viatu vya huyo mwenye msumeno. Mwuguzi mwingine, mtu wa Belfast, akaongezea kisa cha kiwanda cha magari cha DeLorean pale Dunmurry, kilichomeza mamilioni ya pauni za serikali ya Uingereza na kufungwa mwaka 1982. Kwao wanasema walipokuwa wakisawazisha uwanja waliung'oa mti wa miiba. Sababu za kibiashara anazijua, alisema, hata hivyo mti wangeuacha.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia usiku alikuwa na habari nyingi za Biddy Early, mganga wa Clare aliyefariki mwaka 1874, mwenye chupa ya bluu ambayo ndani yake aliona mambo. Mwaka 1865 alishtakiwa Ennis kwa sheria ya uchawi, mashahidi wakakataa kusema. Nilimwambia mzee kwamba Kenya nasi tuna sheria ya uchawi, ya mwaka 1925, tuliyoletewa na Mwingereza. Alifurahi sana. Tangu hapo akawa ananisalimu kama mtu wa ukoo.

Lakini ni yeye pia aliyenisimulia habari ya Bridget Cleary, na nashukuru, maana nilikuwa naanza kuyapenda mambo haya kupita kiasi. Machi 1895, huko Tipperary, mwanamke huyo kijana aliugua, na mumewe akashikilia kwamba mke wake wa kweli amechukuliwa na mapepo, aliyelala kitandani ni mbadala. Akamchoma moto mbele ya jamaa na majirani, akahukumiwa kwa kuua. Nilipoisikia niliwaza bibi na babu wa Kisii na Kilifi wanaochomewa nyumba kwa kuitwa wachawi, mara nyingi na watu wanaotaka shamba lao. Imani ile ile iliyowafanya watu waogope kugusa kichaka iliwafanya wasiogope kugusa mtu. Anayetaka kuzisifu mila za Ireland, au zetu, na aanzie hapo, kisha aone sifa ngapi zinabaki.

Niliporudi Kenya barabara ya Thika ilikuwa imeshafunguliwa, mwaka 2012, njia nane, na kahawa ya Ruiru ilikuwa inageuka ploti. Mugumo wa utotoni haukuwepo. Niliuliza kila niliyemjua. Wote walisema waliukuta umeshakatwa.

Kwenye miaka hiyo nilisoma Unbowed cha Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista wa Loreto kule Limuru miaka ya 1950. Anaeleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, na jinsi baadaye alivyoukuta mti umekatwa na maji yametoweka, naye akaelewa kwamba mizizi ile mirefu ndiyo iliyokuwa ikiyafungulia njia. Nayapenda maelezo hayo, na Tuzo ya Nobel ya 2004 haikumwendea bure. Hata hivyo sikubaliani na wanaoyageuza kuwa jibu la kila kitu, kwamba wazee walikuwa wanasayansi waliojificha. Shosho hakuwa akitunza maji. Maji yalikuwa faida iliyokuja yenyewe kwa sababu watu hawakuthubutu. Ukimwambia mtu wa leo kwamba mti unatunza maji, atakuuliza ni lita ngapi, na ploti ni shilingi ngapi, na hapo umeshashindwa.

Hayo yote niliyaona kwa macho baada ya ule ubishi wa Westlands, upande wa Gatongora, tulikonunua ploti mimi na wenzangu wa chama cha akiba. Saveya alipopiga bikoni, barabara ya ndani ya mita tisa ikaangukia mugumo katikati kabisa. Kamati ikaketi. Mwenyekiti, mstaafu wa benki na mzee wa kanisa, alisema hatuwezi kuongozwa na ushirikina, na wengi wakapiga kura ukatwe. Mimi nilinyamaza. Aliyepinga kwa nguvu alikuwa jirani kutoka Kakamega, aliyesema kwao miti ya aina hiyo haikatwi hivi hivi. Wagikuyu wa kamati wakamjibu kwamba huu si mti wa kwao, atulie.

Fundi wa msumeno alikuja, akauzunguka akiupima kwa macho, mara moja tu, akasema yuko tayari. Ila mwenye mti aanze kwa panga, pigo moja, yeye atamalizia. Tukatazamana. Mwenyekiti akasema yeye mgongo unamsumbua. Mweka hazina akapokea simu. Fundi wa pili, aliyetolewa mbali ambako tulidhani hawajui habari hizi, alitaja bei mara tatu ya kawaida, akachukua malipo ya awali, akazima simu. Hatukumwona tena.

Mwishowe saveya akaitwa arudi. Barabara ikapinda kushoto, ikala kipande cha ploti mbili, na wenye ploti hizo wakafidiwa kutoka mfuko wa chama. Katika kumbukumbu za kikao, ambazo mimi ndiye niliyekuwa nikiziandika, mwenyekiti aliagiza sababu isomeke hivi: gharama kubwa ya kung'oa mizizi.